Mikono Isiyo na Kovu

14 Januari

Shangazi mpenzi,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima na goti limetulia. Mimi sijambo, ila mafua yaliyonipata safarini bado yananifuata kama mdai. Kazini ni yale yale. Mwenye studio ameniweka kwenye picha za pasipoti tangu asubuhi hadi jioni: kaa wima, kidevu juu, usicheke, anayefuata. Miaka mitatu ya chuo cha upigaji picha, Shangazi, na kazi yangu ni kuwaambia watu wasicheke.

Ndiyo maana naishi kwa ajili ya saa mbili za jioni ninapopakia picha zangu kwa wakala. Nilipokuwa hapo likizoni nilikueleza, lakini ulikuwa unakata kitambaa na najua ulinisikia nusu, kwa hiyo narudia. Wakala ni kama ghala. Sisi tunapeleka picha, wenye magazeti na matangazo wanakuja kuchagua, na kila picha ikinunuliwa wakala anachukua sehemu yake na sisi tunapata yetu. Nimekufungulia akaunti kwenye simu yako na nimeiita "Cherehani". Ukichoka na jioni zisizo na wateja, jaribu. Hakikisha picha imekaa sawa, isionyeshe nembo ya kampuni yoyote, kisha andika maneno ambayo mnunuzi anaweza kuyatafutia. Usitarajie mengi. Mimi mwenyewe wananikatalia nusu ya ninazopeleka.

Asante kwa kusaini fomu ya ridhaa. Wakala anaidai hata kwa mikono tu. Niliposoma ulichojaza nilicheka peke yangu ndani ya basi. Pale palipoandikwa "Uhusiano na mpiga picha" uliandika: "Shangazi, na mama, na baba, na mlipa ada." Ile picha yako ukitunga uzi kwenye sindano ndiyo bora niliyowahi kupiga. Asubuhi nzima ilikwenda, najua, na ulinisimanga kwa kuzungusha makaratasi meupe kama mtu anayefukuza kuku, lakini mwanga ulitokea vile nilivyoutaka. Lile kovu la kidole cha shahada nimelifuta kwa kompyuta, hutaliona kabisa. Wanunuzi wanapenda ngozi safi.

Niandikie. Usipige simu. Sheria ni ile ile uliyoniwekea nilipokuwa bwenini: simu ni ya kusema nimefika, barua ni ya kusema mambo.

Mwanao wa kaka yako

* * *

2 Februari

Mwanangu, Bibi Lenzi,

Marahaba. Mafua hayo yachemshie maji ujifukize, usiyachekee. Mimi mzima. Goti ndilo lile, likipanda kanyagio la cherehani linalia kama mlango wa kabati, hata wateja wamezoea, wakilisikia wanajua niko kazini.

Sasa sikiliza. Nimejaribu mchezo wako. Jumanne hapakuja mtu hata wa kupunguza suruali, nikasema ngoja. Simu nimeiegemeza kwenye kopo la vifungo pale dirishani, nikabonyeza ile saa ya kuhesabu kumi, nikakimbilia kitini. Kukimbia kwangu unakujua. Picha ya kwanza ilitoka mgongo. Ya pili ilitoka kiti. Ya tano nikawahi, nikatunga uzi kweli maana nilikuwa na gauni la mtu linasubiri, na saa ikapiga uzi ukiwa unaingia tunduni. Nikapeleka hiyo hiyo.

Wakataka fomu. Nikajisainia mwenyewe. "Uhusiano na mpiga picha": nikaandika "Tunalala kitanda kimoja."

Wameikubali! Na wiki iliyopita imenunuliwa. Nilichopata, mwanangu, hakifiki bei ya kifungo kimoja cha shati. Nimepiga hesabu, ni kama matundu mawili ya kifungo cha matundu manne. Fundi viatu wa jirani nimemwonyesha, akasema, "Mama Cherehani, mtu kakununua mikono miwili kwa nusu kifungo, na wewe unacheka?" Nikamwambia nacheka kwa sababu mikono yenyewe bado ninayo.

Na yako inaendeleaje? Najua yako itauzwa kwa gunia.

Shangazi yako

* * *

20 Machi

Shangazi mpenzi,

Shikamoo. Habari za goti? Habari za fundi viatu na maneno yake? Mimi mzima, mafua yamekwisha.

Hongera. Nimeitazama picha yako. Nimeitazama mara nyingi, nakuambia ukweli. Mwanga wa dirisha umemeza upande wa kushoto, pale pamekuwa peupe tupu. Meza imeinama. Pembeni inaonekana ncha ya kopo. Chuoni wangenirudishia kazi ya namna hiyo na mstari mwekundu juu yake. Sisemi ili kukuvunja moyo, nasema ili ujue kwa nyingine.

Unajua sasa hivi mtu akitafuta "sindano na uzi", yako ni ya tatu ukurasa wa kwanza? Yangu iko ukurasa wa nne. Hakuna anayefika ukurasa wa nne, Shangazi. Huko ni kama chumba cha nyuma cha duka, mwenye duka mwenyewe hajui kuna nini. Mambo yao yanakwenda hivi: picha ikinunuliwa inapanda, ikipanda inaonekana, ikionekana inanunuliwa tena. Mauzo yake yanaibeba mgongoni. Ukiifuta, mauzo yote yanafutika nayo, na hata ukiirudisha kesho inaanza mwisho kabisa kama mgeni. Kwa hiyo usiifute kwa bahati mbaya ukichezea vitufe.

Uliandika maneno gani ya kutafutia? Mimi niliandika arobaini na tisa. Ningependa kujua ya kwako. Kwa kujifunza tu.

Mwanao wa kaka yako

* * *

9 Aprili

Mwanangu,

Marahaba. Nimesoma barua yako nikaona una njaa. Kula.

Maneno niliandika yaliyonijia: sindano, uzi, mikono, macho yameanza kuchoka, jaribu tena, kovu, mtu anayengojea gauni lake. Simu ikasema inatosha. Sikujua kama kuna watu wanaotafuta "jaribu tena" lakini inaonekana wapo. Imenunuliwa mara mia nne na kitu. Jarida la hospitali limeichukua, kampuni ya miwani imeichukua, na watu wa bima sijui wanaishonea nini.

Kopo la vifungo nimelitengenezea mwenzake. Kila wakala akinipa nusu kifungo changu, natia kifungo kizima kopo la pili kujikumbusha. Nikifika elfu mbili nanunua mota ya cherehani. Fundi mmoja anayo, ya mtumba lakini inanguruma vizuri, ananingojea. Unaifunga pembeni, unagusa tu kwa kidole cha mguu, cherehani inakimbia yenyewe. Daktari wa goti alisema niache kanyagio au nitaacha kutembea. Nilidhani ni mimi na kanyagio tu hadi mwisho. Sasa naona kuna njia ya tatu, na ni wewe uliyeniletea kwenye simu.

Kuhusu meza kuinama: meza yangu imeinama kweli. Wewe ndiye uliyevunja mguu wake ukiwa na miaka saba.

Shangazi yako

* * *

28 Mei

Shangazi mpenzi,

Shikamoo. Natumaini u mzima. Nisamehe kwa kimya, ila leo ninayo ya kukuambia na naandika kwa hasira.

Wakala ametuandikia wote. Zamani katika kila mia aliyolipa mnunuzi, mpiga picha alipata thelathini na tano. Kuanzia Julai atapata kumi na tano. Bei nayo inashuka, kwa sababu wameanzisha vifurushi: mnunuzi analipa kidogo kwa mwezi kisha anachota apendavyo, kama mtu aliyepewa ndoo kisimani kwetu. Barua yenyewe inaanza kwa maneno "Tuna furaha kukutangazia."

Ungesoma baraza letu la mtandaoni ungelia na kucheka. Mzee wa Ndege, anayepiga picha za ndege tu tangu kamera zikiwa na mkanda, ameandika: "Nimelala kwenye matope siku tatu kumngoja korongo mmoja. Wamemuuza kwa bei ya pipi, sasa wanataka na ganda la pipi." Mama Mapacha ameandika: "Wanangu wako kwenye kila boksi la sabuni, na sabuni nanunua." Mmoja wa wapya akajitia kuandika kwamba wakongwe wakiondoka ni vizuri, wapya watapanda. Tulimtukana hadi akafunga akaunti. Mimi nilimtukana zaidi ya wote.

Tumekubaliana. Tarehe mosi Julai ni Siku ya Kufuta. Kila mmoja anafuta picha zake, zote, siku moja. Ghala likiwa tupu wataelewa ni nani aliyelijaza. Wewe sasa una jina, Shangazi. "Cherehani" inatajwa barazani, wanauliza kama utafuta. Picha yako ni miongoni mwa zile zitakazowauma. Tafadhali tuwe pamoja.

Mwanao wa kaka yako

* * *

10 Juni

Mwanangu,

Marahaba. Barua yako nimeisoma mara tatu, mara ya tatu nikiwa na fundi viatu, maana nilitaka mtu wa kubishana naye.

Nilimwambia: wakipunguza, nusu kifungo kitakuwa robo kifungo, lakini robo ni kitu, na kopo la pili limefika elfu moja na mia tatu. Nikiifuta sasa, mota naisahau. Yeye akasema: "Mteja akikupunguzia bei leo ukakubali, kesho atakuletea kitambaa na kukuambia ushone kwa heshima tu, bila malipo." Hilo limenikaa. Nimeshona miaka thelathini na moja na sijawahi kushona kwa heshima.

Basi nimeamua hivi. Wewe ndiye uliyesoma mambo haya. Ukisema tufute, tunafuta. Nakuuliza moja tu, na unijibu kwa barua, si kwa simu: na ile yako ya mikono yangu, unaifuta pia? Siulizi kwa ubaya. Nataka tu kujua tunatoka wote mlangoni, isiwe mmoja anatoka na mwingine anarudi kuchukua mwavuli.

Shangazi yako

* * *

18 Juni

Shangazi,

Nitaiandika hii na sitaipeleka posta. Kuna mambo lazima yatoke hata kama hayaendi popote.

Nakuonea wivu. Nimeandika. Dari haijaanguka.

Nakuonea wivu wewe uliyenilea, uliyeshona sare za shule nzima ili nisirudishwe nyumbani kwa ajili ya ada. Kila jioni kabla sijavua viatu nafungua ukurasa wako kuangalia umenunuliwa mara ngapi. Nikiona idadi haijapanda napumua. Ikipanda, chakula hakishuki. Najua kila kosa la picha ile kama mtu anavyojua meno yake. Na najua kwamba ni nzuri. Hilo ndilo siwezi kukuambia. Nimeiweka kando ya yangu kwenye kompyuta. Yangu ina mwanga, ina mpangilio, ina ngozi laini, na ndani yake hakuna mtu. Yako ina mtu anayehangaika na tundu la sindano, na unataka kumsaidia. Ulitumia simu na kopo la vifungo. Mimi lenzi yangu bado nailipia.

Mnunuzi mmoja aliniandikia mwezi wa tatu. Nilifurahi hadi nikasimama. Aliuliza: "Unafahamiana na Cherehani? Tunatafuta zaidi za namna yake."

Na sasa hii. Yule mpya niliyemtukana barazani alisema kweli. Wewe ukifuta, wakala huwapeleka wanunuzi wako kwa "picha inayofanana". Nimetafuta inayofanana na yako zaidi ya zote. Ni yangu. Lazima iwe yangu, mikono ni ile ile.

Mzee wa Ndege anafuta ndege wake wote. Mama Mapacha anafuta wanawe. Mimi nitafuta mia mbili na kumi ambazo hakuna aliyezitaka, nitapiga picha ya akaunti yangu ikiwa nyepesi hivyo, na nitaibandika barazani. Hakuna atakayeuliza kuhusu moja iliyobaki.

Isipokuwa wewe, umeshauliza.

* * *

19 Juni

Shangazi mpenzi,

Shikamoo. Natumaini goti linakupa nafuu. Mimi mzima.

Ndiyo. Tunafuta wote.

Mwanao wa kaka yako

* * *

3 Julai

Mwanangu,

Marahaba. Barua yako ya mwisho fupi kama risiti. Nadhani kazi zilikubana.

Nimefuta. Asubuhi ya tarehe mosi nilinawa mikono kwanza, sijui kwa nini, nikakaa pale pale dirishani. Simu ikauliza: "Una uhakika?" Nikabonyeza ndiyo. Ikauliza tena: "Picha hii ina mauzo 1,346. Hayatarudishwa. Una uhakika?" Hapo nilinyanyuka nikazunguka meza. Unajua mimi kufumua si kitu kigeni. Nimefumua magauni ya harusi siku mbili kabla ya harusi. Lakini ukifumua, kitambaa kinabaki mkononi. Hapa nilibonyeza na hapakubaki kitu.

Fundi viatu alipiga makofi. Nikamwambia aache, hatukuwa kwenye sherehe.

Vifungo nimevirudisha kopo la kwanza. Yule mwenye mota nimemwambia amuuzie mwingine. Kanyagio na mimi tumesameheana. Kilichonipa nguvu ni kwamba nawe huko ulikuwa unabonyeza saa ile ile, na mikono yangu ilikuwa inatoka huko pia. Nilijiambia: leo hawana hata kidole changu kimoja.

Wewe uliumia? Niambie.

Shangazi yako

* * *

30 Julai

Shangazi mpenzi,

Shikamoo. Habari za siku nyingi? Mimi mzima, kazi tu.

Siku ya Kufuta haikuwatikisa. Waliofuta ni wachache kuliko walioapa. Wakala hakujibu hata neno. Wiki ya pili Mzee wa Ndege aliaga barazani kwa mstari mmoja: "Ndege wangu wako salama kwenye sanduku." Wengine walirudi kimya kimya. Nina hasira, na nina mengine pia.

Ndani ya bahasha ndogo kuna fedha kidogo. Ni kwa ajili ya mota. Usiniulize nimezipata wapi, nimepata kazi ya pembeni. Mwambie yule mtu asiuze.

Mwanao wa kaka yako

* * *

5 Septemba

Mwanangu,

Marahaba, ingawa safari hii shikamoo yako naijibu kwa mazoea.

Juzi nilikwenda kliniki ya goti. Wamepaka rangi ukutani na wamebandika bango kubwa la watu wa bima, kutoka dirisha la dawa hadi mlango wa choo. Bango ni mikono miwili inatunga uzi. Chini wameandika: "Tunajali kila mshono wa maisha yako." Nilisimama. Nikamwambia muuguzi, "Hiyo mikono ni yangu." Akanitazama kama mtu anayetazama homa. Nikamwonyesha. Nikaweka mkono wangu pale pale karibu na ule wa ukutani, ili aone kucha, aone vile kidole gumba kinavyopinda.

Akasema, "Mama, wako una kovu. Huu hauna."

Mwanzoni nilifurahi, unajua? Kabla hajasema hivyo. Nilidhani ni ile yangu, kwamba kuna mahali haikufutika. Nilikuwa tayari natunga la kumwambia fundi viatu. Ni kovu lililonifundisha kusoma bango lile.

Kovu hili nalikumbuka na wewe unalikumbuka. Sindano ya cherehani iliingia kwenye ukucha ikatokea upande wa pili, nikiwa kwenye sare ya themanini na kitu. Wewe ndiye uliyezungusha gurudumu polepole kuitoa, ulikuwa na miaka tisa, umefumba jicho moja. Ulisema, "Shangazi, usiangalie, niangalie mimi." Na picha ambamo ulilifuta ni moja tu duniani.

Nilimuuliza muuguzi bango lilibandikwa lini. Akasema mwezi wa nane.

Fedha zako hizi hapa, sijafungua bahasha ndogo. Sasa najua kazi ya pembeni ni ipi.

Shangazi yako

* * *

20 Septemba

Shangazi,

Shikamoo. Nilikupigia simu mara nne. Najua simu ni ya kusema nimefika. Nilitaka kusema sijafika popote.

Nijibu hata kwa matusi.

Mwanao

* * *

11 Oktoba

Shangazi,

Shikamoo. Sijui hali yako na sina haki ya kuuliza, lakini nauliza: goti linaendeleaje? Bado unapanda kanyagio?

Nimengoja wiki tatu. Kila siku naangalia sanduku la barua la nyumba, hadi mpangaji wa chini ananiuliza kama nangoja posa. Nitakuambia yote sasa bila kupamba.

Sikuifuta. Nilifuta nyingine zote, ile moja sikuifuta. Nilijua kabla ya Julai kwamba sitaifuta, na nilikuandikia "tunafuta wote" nikijua. Siku uliyobonyeza, yangu ilikuwa ukurasa wa nne. Baada ya siku sita ilikuwa ya pili ukurasa wa kwanza. Wanunuzi wako walikuwa wanatafuta mikono yako na wakala aliwapa hii. Wenye bango la bima ni wale wale walionunua yako mwezi wa nne. Walikuwa wanakutafuta wewe, wakapewa mimi, hawakujua tofauti.

Ningekuambia nilihitaji fedha. Si kweli. Ile ya bango zima, kwa kiwango kipya, haikufika bei ya kifungo; fedha za mota nilizokutumia zilikuwa za mshahara wangu wa studio. Ningekuwa mwizi wa kitu kikubwa angalau ningejitetea. Nilichotaka ni ule ukurasa. Nilitaka mara moja tu mtu aandike "sindano na uzi" na akutane na mimi kabla yako. Nilikuwa nikikuonea wivu tangu Februari, Shangazi, tangu ile barua ya nusu kifungo uliyoniandikia ukicheka. Ulicheka kitu ambacho mimi nakililia. Hilo ndilo lililoniuma kuliko mauzo.

Nilipofika huko juu nilikuwa naifungua asubuhi na jioni na kuitazama. Na kila nikiitazama, jicho linakwenda kwenye kidole cha shahada, pale nilipofuta. Hakuna mwingine anayeona. Pana ulaini kidogo usio wa ngozi.

Sasa wakala ametoa sharti jipya. Kila picha yenye mtu inahitaji fomu mpya ya ridhaa, iliyosainiwa upya, kabla ya mwisho wa Novemba. Isiposainiwa inaondolewa. Naambatanisha fomu yako. Ningeweza kuifuta mwenyewe leo kwa kubonyeza mara mbili. Nimejaribu mara tatu. Linakuja lile swali, "Una uhakika?", na mkono unarudi. Nakuambia hivyo ili usinidhanie mwema. Wewe ulibonyeza ukiwa na goti lile, ukiiacha mota ile. Mimi nina miguu mizima na nimeshindwa.

Kwa hiyo naiweka kwenye mikono yenyewe. Sikuombi unisamehe kwenye fomu. Jaza unavyoona. Pale penye uhusiano, ukiandika "hakuna" nitaelewa, na bado nitakuandikia kila mwezi.

Mwanao, ukitaka

* * *

FOMU YA RIDHAA YA MTU ALIYEPIGWA PICHA

Maelezo ya picha: Mikono ya mwanamke ikitunga uzi kwenye sindano.

Mtu aliyepigwa picha: *Fundi cherehani*

Uhusiano na mpiga picha: *Shangazi. Hapo hapafumuliki.*

Ninakubali picha hii iuzwe na itumike: *Hapana.*

Sababu (si lazima kujaza): *Mwenye mikono anaipiga mwenyewe. Yangu ilibaki simuni; nimeirudisha kwa wakala tarehe 2 mwezi huu, imeanza ukurasa wa mwisho kabisa. Kovu lipo. Leta yako ya kitu kingine tuone nani atafika mbele.*

Sahihi: *Cherehani*

Tarehe: *6 Novemba*